FUNDI SHITANDA NA BAISKELI YA MAHARI

Lile shuka la maua halikuanguka wiki jana, na najua wengine wenu mlilala vibaya. Leo linaanguka.

Tuko palepale tulipoachana: nyumbani kwa Cleophas Shitanda, nje kidogo ya mji wa Kakamega, Jumamosi ya mahari ya binti yake Mitchel. Mahema yamejaa. Wapiga ngoma za isukuti wanapumua. Nyuma ya nyumba kuku wa ingokho ameiva na ugali wa obusuma unasongwa. Katikati ya uwanja kuna kitu kirefu kimefunikwa shuka, na Kibet, rafiki wa bwana harusi Wanjala, ameshika pembe ya shuka hilo huku akitabasamu.

Kila mtu anajua ni baiskeli. Swali ni moja tu: imetoka kwa nani?

Maana kwa ukoo wa kina Shitanda, msichana haolewi bila baba yake kuletewa baiskeli. Ng'ombe watakuja, blanketi litakuja, lakini baiskeli ndiyo mahari yenyewe. Na baba sharti aipande hapohapo, mbele ya wageni, ateremke nayo hadi mtoni na kurudi. Akiipanda, amemkubali mkwe. Asipoipanda, ng'ombe wanarudishwa walikotoka, wageni wanakwenda na njaa yao, na msichana anabaki kwa mama yake.

Sasa Shitanda si baba wa kupelekewa baiskeli hivi hivi. Yeye ndiye mwenye duka la Pimwa Kwanza, pale mjini nyuma ya soko. Duka lina mlango mmoja na masharti mengi. Huingii ukasema unataka baiskeli ukaipata. Unasimamishwa ukutani, unapimwa mguu kwa utepe wa fundi cherehani, unaulizwa habari za mgongo wako, mizigo yako, na njia unayopitia kwenda kanisani. Shemasi mmoja aliambiwa arudi baada ya Kwaresima, tumbo likishapungua. Mheshimiwa mmoja wa wadi alitolewa nje kwa sababu alitaja rangi ya chama chake kabla hajapimwa mguu. Watu wanasonya, wanaapa hawatarudi, halafu wanarudi, kwa kuwa baiskeli ya Shitanda hailegei. Juu ya mlango ameandika kwa mkono wake mwenyewe: HAKUNA BAISKELI YOYOTE. KUNA BAISKELI YAKO.

Basi kama chini ya shuka kuna baiskeli ya Sydney, hapo pamezuka vita. Sydney ana duka mkabala na Pimwa Kwanza na anauza baiskeli zinazotoka kwenye katoni zikiwa bado zinanuka meli. Leo amekuja bila kualikwa. Amekaa kiti cha mbele, simu mkononi, anarekodi.

Kibet akavuta. Shuka likaanguka.

Wageni wakaona fremu nyeusi inayong'aa, kengele ya shaba kwenye usukani, na chini ya kiti kile kibandiko kinachojulikana kutoka Mumias hadi Khayega. Pimwa Kwanza.

"Ni yake mwenyewe!" akapiga kelele Mzee Andati, kaka mkubwa wa Shitanda, ambaye ndiye mshika desturi wa ukoo. "Wamemletea kazi ya mikono yake!"

Vigelegele vikapasua hema. Isukuti ikalia. Sydney akashusha simu kwa uchungu. Hakika palikuwa na heshima gani kubwa zaidi ya hiyo? Mkwe ameujua ubora, ameufuata ulipo.

Ni mtu mmoja tu ambaye hakushangilia. Shitanda aliitazama ile baiskeli akarudi hatua moja nyuma. Aliifahamu. Hakuna baiskeli nyingine Kakamega nzima aliyokuwa akiomba Mungu asikutane nayo tena.

Twende nyuma kidogo, haraka, kabla vigelegele havijaisha.

Mwezi uliopita Kibet aliingia Pimwa Kwanza na miwani ya jua usoni. Shitanda hakumjua. Kijana hakusalimia, hakuvua miwani, aliegemea baiskeli ya watu iliyokuwa imetoka kupakwa rangi.

"Boss, nataka baiskeli. Yoyote."

"Yoyote?"

"Yoyote tu. Ni ya mzee fulani huko mashambani, hajui chochote. Ongeza na ya kike, kuna mama fulani. Hiyo pia, yoyote."

"Wenyewe wako wapi niwapime?"

"Uwapime wa nini? Wanashonewa suti?"

Shitanda alichukua utepe. "Huyo mzee ana urefu gani?"

Kibet akamtazama toka kichwani hadi viatuni. "Kama wewe. Hata tumbo ni kama hilo lako."

Hapo ndipo shetani alipopata kiti akakaa. Kijana alipotoka, Shitanda alijipima mguu mwenyewe kwa hasira, akaunda fremu ya kipimo chake, akaipaka rangi nzuri. Lakini ilipofika kwenye breki, akachukua kipande cha tairi kuukuu, akakikatakata, akavifunga vile vipande mahali pa raba za breki. Waya wa mbele ulikuwa umekatika zamani, akauunga kwa koleo. "Anayetaka yoyote atapata yoyote," alikuwa akijisemea, na akajisikia vizuri kweli. Breki za namna hiyo zinashika siku mbili tatu kwenye barabara tambarare. Zikikutana na mteremko wa maana, zinaaga.

Ile ya pili, ya kike, tuiache kwanza hapo ilipoegemezwa. Itarudi yenyewe.

Sasa rudini uwanjani. Yule mzee fulani wa mashambani asiyejua chochote amesimama mbele ya wageni wake amevaa koti la kijivu, na usukani anawekewa mkononi.

"Panda, Cleophas," akasema Mzee Andati.

Shitanda akatazama mteremko. Nyumba yake iko katikati ya kilima: juu yake ni barabara kuu, chini yake ni mto. Kutoka uwanjani njia inashuka kama imesukumwa, inapita migombani, inakata kona kwenye mwamba, halafu hakuna tena njia, kuna maji.

"Mgongo," akasema, akashika kiuno. "Mgongo wangu leo..."

"Mgongo gani?" akauliza mkewe Selpher kutoka hema la akina mama, kwa ile sauti yake inayofika hadi kwa jirani. "Baba Mitchel, si jana umebeba gunia la mahindi ukiimba?"

Wageni wakacheka.

"Basi tumngojee mama yake Wanjala," akasema Shitanda, na kweli wazo hilo lilimfurahisha. Kiti cha mama wa bwana harusi kilikuwa kitupu, kimefunikwa kitambaa cheupe. "Nitapandaje na mkwe wangu hajafika? Ni dharau."

"Amepiga simu," akasema Mzee Andati. "Yuko njiani kutoka Bukura. Amesema tuanze, asitucheleweshee chakula."

Loo! Mama mwenye huruma.

Shitanda akaingiza mkono mfukoni. Fundi huyu hata kanisani hubeba spana. Akaitoa, akachuchumaa kando ya gurudumu la mbele. Angepata nafasi ya kukaza tu kidogo...

"Oneni!" Sydney alikuwa ameshasimama, simu juu. "Buda anakagua kazi yake mwenyewe! Fundi haamini fundi! Hii lazima i-trend leo."

"Cleophas," akasema Mzee Andati, na sasa hakuwa akicheka, "zawadi ya mkwe haifunguliwi kwa spana mbele ya aliyeileta. Unataka kusema nini na watu wa Bukura?"

Upande wa bwana harusi wakaanza kunong'onezana. Wanjala mwenyewe, kijana mpole anayefundisha mambo ya kilimo huko Bukura, hakusema neno, maana siku ya mahari bwana harusi hupewa kiti na kunyimwa mdomo. Lakini uso wake ulianguka. Kibet akavua ile miwani ya jua.

"Mzee," akasema Kibet, "kwani baiskeli ina shida gani? Si wewe ndiye uliijenga?"

Spana ikarudi mfukoni.

Ndipo Mitchel akainuka. Alikuja polepole katika gauni lake la kitenge, akajifanya anamnyoosha baba yake kola.

"Baba, kuna nini?"

"Hakuna kitu."

"Baba. Nakujua."

Kabla ya dakika hiyo Shitanda hakuwa amewahi kumdanganya mtoto huyu, hata kuhusu dawa chungu. Akainamisha kichwa. "Breki," akanong'ona.

"Breki zimefanya nini?"

"Hazipo. Ziko, lakini hazipo. Huyo kijana aliniudhi, nikamfungia takataka."

Vidole vya Mitchel vilibaki kwenye kola.

"Ni mimi nilimwambia Wanjala inunuliwe kwako," akasema hatimaye. "Wenzake walitaka kwa Sydney, karibu nusu ya pesa. Nikakataa. Nikasema baba yangu akifunga nati, imefungwa. Akamtuma Kibet kwa sababu yeye mwenyewe ungemjua." Akaikaza kola. "Nilitaka upande kitu chako, Baba. Kitu ambacho ungekionea fahari."

Hakuna kofi ambalo lingemuumiza Shitanda zaidi ya maneno hayo. Alitamani ardhi impokee, na Jumamosi hiyo ardhi ya Kakamega ilikuwa ngumu.

Akaamua. Afe yeye, jina libaki, binti aolewe. Viatu vyake vya kanisani vilikuwa na soli nene, angeburuza miguu hadi migombani, kisha angejitupa kwenye majani kama mtu aliyeteleza kwa furaha. Mzee kuanguka siku ya mahari si aibu. Watu watacheka, watakula, watasahau. Akapandisha mguu, akakaa kwenye kiti. Kiti kilimkaa barabara. Mungu wangu, ilikuwa baiskeli nzuri!

"Na mama je?" ikatoka sauti ya shangazi mmoja wa Bukura. "Kwetu baba habebi upepo! Mama apakiwe!"

"Apakiwe! Apakiwe!" wakaitikia akina mama, na isukuti ikapokea.

"Hapana," akasema Shitanda. "Hapana, hapana, Mama Mitchel, kaa hapo."

Kumwambia Selpher akae ni kumwita. Alikwishafunga leso kiunoni. Selpher ni mama wa kifua na mapaja, mama aliyejaa nyumba, na tangu harusi yao hakuwa amepakiwa na mumewe, kwa kuwa Shitanda huona keria si mahali pa mtu, ni mahali pa mzigo uliopimwa. Akaja akicheza, akageuka, akaketi kwenye keria. Baiskeli ikashuka kidogo kisha ikatulia. Mikono yake miwili ikamzunguka mumewe tumboni.

"Twende, mume wangu," akamwambia sikioni, na alikuwa akicheka kama msichana. "Leo umenifurahisha."

Shitanda akatazama migomba, akautazama mwamba, akausikia ule mkono mzito wenye joto tumboni mwake. Mtu anaweza kujitupa mwenyewe kwenye majani. Hawezi kumtupa Selpher.

Akaweka miguu chini.

"Shuka," akasema.

"Nini?"

"Shuka, Mama Mitchel. Na nyinyi wapiga ngoma, nyamazeni. Nina neno."

Ngoma ikafa. Sydney akasogea karibu na simu yake. Shitanda aliiona, na akazungumza nayo hiyohiyo.

"Baiskeli hii haina breki. Niliifunga mimi. Niliweka vipande vya tairi kwa makusudi, kwa sababu mnunuzi aliingia dukani kwangu bila salamu, akasema nimpe yoyote. Sikujua ni ya nani."

Ungesikia nzi akikaa kwenye mchuzi.

Wa kwanza kupata sauti alikuwa Kibet. "Kwa hivyo mzee wa watu angekufa kwa sababu mimi sikukusalimia?"

"Ungenisalimia, mzee wa watu angekuwa na breki!"

"Na mzee wa watu ni wewe, Baba," akasema Mitchel.

Mzee Andati alikaa chini bila kutazama kama kuna kiti. Kwa bahati kilikuwapo. Selpher alibaki amesimama, leso kiunoni, akimtazama mumewe kwa namna ambayo Shitanda alijua ataelezwa maana yake baadaye, jikoni, bila mashahidi.

Halafu mwalimu mmoja mstaafu akainuka kwenye hema la wageni. Ni mteja wa Pimwa Kwanza tangu zamani, mtu wa heshima.

"Fundi," akasema kwa upole, "mimi siku ile nilikuja kwako nikiwa na maumivu ya jino. Sikumbuki vizuri kama nilikusalimia. Yangu ulinifungia nini?"

"Mwalimu! Yako ni safi kabisa!"

"Mimi nilikuambia bei yako ni ya wizi," akasema mama mmoja muuza mboga. "Nilikuwa natania. Ulijua nilikuwa natania?"

"Mama, yako pia..."

"Mimi je? Wewe hununanga sana ukiharakishwa, na mimi nilikuwa na haraka!"

Basi hema likainuka lote. Baiskeli za wageni zilikuwa zimeegemezwa kando ya uzio, safu nzima, zote zina kibandiko kilekile. Watu wazima na suti zao wakapiga magoti kwenye nyasi wakibinyabinya breki. Yule shemasi wa Kwaresima aligeuza yake magurudumu juu, akaanza kuomba. Sydney alizunguka katikati yao akigawa kadi za duka lake kama padri anayegawa komunio. Baiskeli zile zilikuwa salama zote, kila nati mahali pake, na hakuna aliyeamini macho yake.

Shitanda alisimama peke yake na usukani mkononi. Miaka yote amewapima watu hawa. Hakujua kwamba na wao, kimya kimya, walikuwa wakimpima yeye.

"Tuondoke," akasema msemaji wa watu wa Bukura, akijipangusa vumbi ambalo halikuwapo. "Baba hakupanda. Desturi yenu mnaijua wenyewe. Fungueni ng'ombe."

Mitchel akafunika uso.

"Ngojeni." Aliyesema hivyo alikuwa Wanjala, bwana harusi asiyeruhusiwa kusema. Alikuwa amesimama. Shitanda alitarajia matusi, na aliona anayastahili. Lakini kijana alizungumza taratibu sana.

"Baba, mimi sina hasira. Umemteremsha Mama, umesema ukweli mbele ya simu ya Sydney. Mtu kama huyo namtaka awe mkwe wangu. Fungeni breki nzuri, apande, tule. Shida yangu ni nyingine."

"Sema, mwanangu."

"Kibet alichukua mbili siku ile."

Shitanda alihisi kiti kikimkimbia, na hata hakuwa amekaa.

"Ile ya kike," akaendelea Wanjala. "Nayo uliifunga siku hiyohiyo?"

"Siku hiyohiyo."

"Kwa... kwa breki zilezile?"

"Zilezile. Ni ya nani?" Shitanda alimshika kijana mabega. "Wanjala, ile ya kike ni ya nani?"

Wanjala aligeuza kichwa kutazama kile kiti kitupu chenye kitambaa cheupe.

"Alikataa gari asubuhi," akasema. "Tulimbembeleza. Alisema hawezi kuja kwa wakwe kwa gari la kukodi wakati ana baiskeli mpya iliyojengwa na Shitanda, aliyoihifadhi kwa siku hii. Alisema lazima umwone ameipanda."

Wakati huo huo, kutoka juu kwenye barabara kuu, kengele ikalia.

Ilikuwa kengele ya shaba. Shitanda huzichagua moja moja kwa sikio, na hiyo aliijua kabla haijamaliza kulia. Wageni wote wakainua vichwa kutoka kwenye nyasi. Pale juu, mahali njia inapoacha lami na kuanza kushuka kuelekea nyumbani, alitokea mama mnene aliyevaa kofia ya harusi, kitenge chake kikipepea, zawadi zimefungwa kwenye keria, uso umejaa furaha.

"Usishuke!" akapiga kelele Shitanda. "Mama, usishuke!"

Upepo ulimnyang'anya maneno. Koti la kijivu lilikuwa limeshaanguka chini, na fundi alikuwa akikimbia kupanda kilima, mikono wazi, viatu vya kanisani vikiteleza kwenye changarawe, Wanjala nyuma yake.

Mama akamwona. Akamtambua kwa lile tumbo aliloambiwa.

"Mulembe, mkwe!" akaita, baiskeli ikianza kushika kasi. "Tazama kazi yako!"

Akaachilia mkono mmoja ili ampungie.